Kristian Birkeland na Sindano Isiyotulia

Katika maduka mengi ya pembejeo hapa nchini utakuta mifuko ya mbolea yenye nembo ya chombo cha kale cha tanga. Hiyo ni mbolea ya Yara, kampuni ya Norway ambayo mwaka 2015 ilifungua kituo kikubwa cha kupokelea mbolea jijini Dar es Salaam. Yara ilitokana na kampuni mama iliyoitwa Norsk Hydro, na Norsk Hydro ilianzishwa mwaka 1905. Ni wachache wanaojua kwamba mmoja wa walioizaa ni profesa wa fizikia aliyekuwa akihangaika kupata fedha, si kwa ajili ya mashamba, bali kwa ajili ya kuchunguza kwa nini sindano ya dira hutikisika karibu na Ncha ya Kaskazini. Jina lake ni Kristian Birkeland.

Kwa watu wa Mloka habari zake zinagusa mambo mawili. La kwanza ni hiyo mbolea. Katika bonde la Rufiji mto ndio uliokuwa ukirutubisha mashamba tangu enzi za mababu: maji hufurika, huacha tope, na yanaposhuka watu hupanda mlau katika udongo ambao bado una unyevu. La pili ni umeme. Ukipanda juu ya mto kutoka hapa kijijini unafika kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, na umeme wake husafirishwa kwa nyaya za kilovolti 400 hadi Chalinze na kuingia katika gridi ya Taifa. Nyaya ndefu za namna hiyo, zikiwa katika nchi za kaskazini ya mbali, huweza kuzimwa na kitu kilekile alichokitafuta Birkeland. Tutafika huko.

Kwanza tulieleze tatizo lenyewe. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba sindano ya dira huelekea kaskazini na kutulia. Ukweli ni kwamba haitulii kamwe. Ukiitazama kwa chombo chenye kioo na taa, utaona inasogea kidogo asubuhi, inarudi jioni, na kesho yake inafanya vivyo hivyo. Hapa kwetu, karibu na ikweta, msogeo huo ni mdogo mno na jicho tupu haliuoni. Lakini katika latitudo za juu, kama kaskazini mwa Norway, usiku mmoja sindano inaweza kuhama digrii kadhaa ndani ya saa moja na kurudi tena. Juu ya mwendo huo wa taratibu kuna mitetemo mingine midogo, ya kwenda na kurudi, ambayo kila mmoja huchukua sekunde chache hadi dakika kadhaa. Ifikirie sindano kama boya la mshipi wa mvuvi. Boya lenyewe halina nguvu. Likitikisika, ujue chini yake kuna kitu.

Kitu gani? Mwaka 1741 kule Uppsala, Sweden, msaidizi wa mnajimu Celsius aitwaye Hiorter aliona kwamba sindano inapohangaika, angani nako huonekana zile nuru za kijani na nyekundu zinazocheza kama pazia, ambazo wataalamu huziita aurora. Mwaka 1859 Mwingereza Carrington aliona mlipuko wa mwanga juu ya uso wa jua, na kabla ya siku moja kupita sindano za dunia nzima zikavurugika. Basi watu walijua kwamba jua, nuru za kaskazini na sumaku ya dunia ni mambo yanayohusiana. Ila hakuna aliyeweza kueleza ni kwa njia gani jua, lililo umbali wa kilomita milioni 150, linaifikia sindano iliyo mezani.

Birkeland alizaliwa tarehe 13 Desemba 1867 katika mji wa Christiania, ambao leo unaitwa Oslo. Alikuwa na kipaji cha hesabu tangu ujana, akapelekwa kusoma Paris kwa Poincaré, kisha Geneva, na Bonn kwa Hertz, yule aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1898, akiwa na miaka 30 tu, akawa profesa wa chuo kikuu cha nyumbani kwao. Angeweza kukaa ofisini akaandika hesabu zake kwa amani mpaka uzee. Lakini miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ametoa wazo ambalo halikumwacha alale.

Alikuwa akifanya majaribio na miale ya kathodi, yaani chembe za umeme zinazoruka ndani ya chupa iliyotolewa hewa. Aliona kwamba akisogeza sumaku, miale hiyo hujikusanya na kuelekea kwenye ncha yake, kama maji yanavyoelekea kwenye faneli. Akajiuliza: je, kama jua linarusha chembe za namna hii kila wakati, na dunia ni sumaku kubwa, si zitavutwa kuelekea kwenye ncha za dunia? Na zikigonga hewa ya juu, si zitaifanya ing'ae? Na kama ni chembe za umeme zinazotembea, basi ni mkondo wa umeme, na mkondo wa umeme hutikisa sindano. Kwa wazo hilo moja alikuwa ameunganisha mambo yote matatu. Lilibaki kuthibitishwa.

Hapo ndipo alipoacha ofisi. Katika safari zake za mwanzo za majira ya baridi kule Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norway, dhoruba za theluji zilikaribia kumuua, na mwanafunzi mmoja aliyefuatana naye katika safari hizo, Bjørn Helland-Hansen, alipoteza vidole kwa baridi kali. Kijana huyo alikuwa anasomea udaktari. Baadaye akawa mtaalamu mashuhuri wa bahari. Birkeland hakurudi nyuma. Aliiomba serikali fedha, akapata, na mwaka 1899 akajenga nyumba za mawe juu ya vilele viwili jirani na Kaafjord. Kimoja kinaitwa Haldde, chenye urefu wa mita zaidi ya 900 kutoka usawa wa bahari. Huenda kwa mtu aliyeona Kilimanjaro mita 900 si kitu. Lakini kule jua halichomozi kwa wiki nyingi za majira ya baridi, na upepo wa kileleni hauruhusu mtu kusimama. Vifaa vyote vilipandishwa kwa nguvu za wanyama na mabega ya watu.

Ndani ya nyumba hizo Birkeland na wenzake walikaa majira yote ya baridi ya 1899 hadi 1900. Kila chombo kilikuwa na sindano iliyoning'inizwa kwa uzi, kioo kidogo, taa, na karatasi ya picha iliyozunguka taratibu. Mwanga ulioakisiwa na kioo ulichora mstari. Usiku wa utulivu mstari ulinyooka. Usiku wa aurora uliruka juu na chini kama mapigo ya moyo ya mgonjwa. Humo aliona ile misogeo mikubwa ya saa moja au mbili, na pia mitetemo midogo ya haraka iliyopandana juu yake.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Kijana mmoja wa msafara huo, Elisar Boye, alifunikwa na maporomoko ya theluji mlimani akafa. Hapa nakiri kwamba Birkeland ananipa shida. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mpole, mwenye mzaha, na wanafunzi walimpenda. Lakini alikuwa na tabia ya watu walioshikwa na wazo moja: walio karibu naye walijikuta wakilipa pamoja naye. Kijana hakupanda mlima kwa sababu ya mistari ya sumaku peke yake. Alipanda kwa sababu profesa alikuwa mbele. Wale wanaojiandaa kuongoza watu wengine wana haki ya kulitafakari jambo hilo bila kuharakisha jibu.

Kilele kimoja hakikumtosha. Ukiwa na boya moja unajua kuna kitu chini ya maji, hujui kinaelekea wapi. Unahitaji maboya mengi. Kwa hiyo mwaka 1902 alipeleka makundi manne kukaa majira ya baridi katika vituo vinne vilivyouzunguka upande wa kaskazini wa Ulaya: Kaafjord hapo Norway, Dyrafjord huko Iceland, Axeløya katika visiwa vya Spitsbergen, na Matotchkin Schar katika visiwa vya Novaya Zemlya vya Urusi. Kila kituo kilikuwa na vyombo vya aina moja, na vyote viliandika kwa wakati mmoja. Tena aliviandikia vituo vingine duniani kote, zaidi ya ishirini, akiviomba nakala za mistari yao ya saa zilezile.

Wasomaji wa gazeti hili watafurahi kujua kwamba miongoni mwa vituo hivyo vilikuwamo vya mapadre Wajesuiti: Stonyhurst kule Uingereza, na Zi-ka-wei karibu na Shanghai. Siku hizo mapadre wengi walikuwa walinzi wa sindano. Padre Stephen Perry, aliyeongoza kituo cha Stonyhurst kwa miaka mingi na hata kusafiri hadi Madagascar mwaka 1882 kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, alikuwa ameshafariki mwaka 1889. Lakini mistari iliendelea kuandikwa kila siku na wenzake, mvua inyeshe jua liwake, bila kujua nani ataihitaji. Birkeland aliihitaji.

Kuipanga mistari hiyo yote kulimchukua miaka. Kitabu chake kikubwa kilitoka kwa sehemu mbili, mwaka 1908 na mwaka 1913, na kina kurasa nyingi kuliko Biblia za wengi wetu zinavyosomwa. Alichogundua ni hiki. Zipo dhoruba fupi za sumaku, za saa moja hadi tatu hivi, ambazo huwa kali usiku katika ukanda unaoizunguka ncha, ukanda uleule ambamo aurora huonekana. Aliziita dhoruba za msingi za ncha. Ukisogea kusini zinafifia, na ukifika katika latitudo kama hizi zetu zinabaki alama ndogo tu. Kwa kuangalia kila sindano ilisogea upande gani, alihesabu kwamba lazima kuwe na mkondo mkubwa wa umeme unaopita juu angani kufuata ukanda huo, kama mto. Na mto huo, alisema, haujitoshelezi wenyewe: unashuka kutoka anga za mbali ukifuata njia za sumaku ya dunia, unapita kwa mlalo juu ya ukanda wa aurora, kisha unapanda tena kurudi angani. Sehemu hii ya mwisho, ya kushuka na kupanda, ndiyo iliyomletea ubishi.

Ili aone kwa macho, alijenga dunia ndogo. Ilikuwa tufe la shaba, ndani yake sumaku ya umeme, nje limepakwa rangi inayong'aa likigongwa na chembe za umeme. Aliliweka ndani ya sanduku la kioo, akaiondoa hewa, akarusha miale ya kathodi kana kwamba imetoka kwenye jua. Kuzunguka kila ncha ya tufe ikatokea pete ya mwanga. Kadiri miaka ilivyopita alijenga masanduku makubwa zaidi. La mwisho lilikuwa na ujazo wa karibu lita 1,000. Wageni waliingia gizani wakatoka wameshangaa. Alikuwa ameileta aurora chumbani.

Sasa fedha. Misafara, vituo, masanduku ya kioo: serikali haikuweza kulipa yote. Birkeland akabuni mzinga wa umeme, unaorusha risasi kwa nguvu ya sumaku badala ya baruti, akitumaini kuwauzia wenye majeshi. Mwaka 1903 aliwaalika wakubwa katika ukumbi wa chuo kikuu waone. Alipowasha swichi, umeme ukapiga shoti, likatokea cheche kubwa lenye mngurumo, watu wakakimbilia milango. Biashara ya mzinga ikaishia hapo, na kwa kweli sisikitiki.

Lakini majira hayohayo Birkeland alikutana mezani na mhandisi mmoja mfanyabiashara, Sam Eyde. Eyde alikuwa amenunua haki za maporomoko ya maji na hakujua autumie wapi umeme wake. Alikuwa akiwazia mbolea, kwa maana dunia ilitegemea naitreti iliyochimbwa jangwani Chile, na wataalamu walionya kwamba ikiisha watu watakosa chakula. Hewa tunayoivuta imejaa naitrojeni, ila imefungwa. Radi ndiyo huifungua, na mvua ya radi huirutubisha ardhi. Eyde alikuwa akitafuta radi ya kudumu. Birkeland akakumbuka cheche lake. Ukiupitisha mwale wa umeme katikati ya sumaku, hutandazika ukawa duara la moto kama sahani, lenye joto la nyuzi 3,000 hivi. Hewa ikipulizwa humo, naitrojeni hushikana na oksijeni, na mwisho wake unapata naitreti ya kalisi, yaani mbolea ya chumvichumvi.

Mwaka 1905 kiwanda kilianza kule Notodden, na tarehe 2 Desemba ya mwaka huo ikaundwa kampuni ya Norsk Hydro. Baadaye kikafuata kiwanda kikubwa zaidi cha Rjukan, kwenye maporomoko ya maji. Norway, nchi iliyokuwa maskini, ikaanza kuuza mbolea nchi za nje. Njia ya Birkeland ilikula umeme mno na baadaye ikaachwa, Wajerumani walipopata njia nafuu zaidi; lakini kampuni ilibaki, na ndiyo ile iliyozaa Yara. Kwa Birkeland mwenyewe ilikuwa kazi ya kutafutia nauli. Alipata fedha akazimimina zote katika masanduku ya kioo. Sifa nyingi alizichukua Eyde. Birkeland alipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel, hakuipata hata mara moja.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Alimwoa Ida Hammer mwaka huohuo wa 1905, lakini mume alikuwa maabara usiku na mchana, na mwaka 1911 wakaachana bila mtoto. Mashine za kiwandani zilikuwa zimemharibu masikio. Usingizi ulimkimbia, akaanza kunywa dawa ya usingizi iitwayo veronali, na pombe kali juu yake. Mtu wa namna hii leo angepelekwa kwa daktari na ndugu zake wangemshika mkono. Yeye aliendelea kufanya kazi.

Mwaka 1913 alihamia Misri, akakaa Helwan, karibu na Kairo. Alikuwa amegeukia mwanga mwingine: ule mwanga hafifu mweupe, wenye umbo la pembetatu, uonekanao upande wa magharibi mara baada ya giza kuingia na upande wa mashariki kabla ya alfajiri. Huonekana vizuri katika nchi za joto zenye anga safi. Hata mtu wa Mloka, akiwa mbali na taa, miezi ya kiangazi anaweza kuuona. Birkeland aliamini kwamba nao unatokana na chembe za umeme za jua, na hapo alikosea. Ni vumbi lililotawanyika kati ya sayari, linalomulikwa na jua. Kwa ajili ya mwanga huo alisafiri hadi Sudan, akiwa na kijana mwanahisabati Thoralf Skolem ambaye baadaye alipata umaarufu wake mwenyewe. Huko ndiko alikofika karibu zaidi na sisi.

Kisha vita ikaja. Wazee wa Rufiji waliirithisha habari ya vita ile. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika mikono ya delta hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Tarehe 4 Januari 1917, Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeingia jeshini katika uzee wake, aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, na pori lile likabeba jina lake kwa miaka mingi. Vita hiyohiyo, iliyowafanya watu wa hapa wawe wapagazi na kuwanyang'anya chakula, ilimzingira Birkeland kule Misri. Nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Peke yake, nusu kiziwi, akiishi kwa dawa, alianza kuamini kwamba wapelelezi wanamfuata kila aendako.

Mwaka 1917 aliamua kurudi nyumbani. Njia fupi, ya bahari ya Ulaya, ilikuwa na nyambizi zinazozamisha meli. Akachagua kuzunguka dunia kwa upande wa mashariki, apitie Japani alikokuwa na marafiki wanafizikia. Alifika Tokyo. Asubuhi ya tarehe 15 Juni 1917 alikutwa amefariki katika chumba cha hoteli. Alikuwa amemeza veronali mara nyingi zaidi ya kipimo. Wengine waliandika kwamba alikusudia, wengine kwamba alikosea. Kwa mtu ambaye kwa miaka hakulala bila dawa, na kila mwaka kipimo kikipanda, sioni kwamba kuna anayeweza kuhukumu. Alikuwa na miaka 49, na miezi sita ilikuwa imebaki afikishe 50.

Baada ya kifo chake wazo lake nalo likazikwa. Mwingereza Sydney Chapman, mwanahisabati mwenye heshima kubwa, alifundisha kwamba mikondo inayotikisa sindano haitoki anga za mbali hata kidogo, bali huzunguka hapahapa katika hewa ya juu na kujifunga yenyewe. Hesabu zake zilikuwa nadhifu, na kwa karibu miaka 50 wengi walimfuata. Msweden Hannes Alfvén alimtetea Birkeland tangu mwaka 1939, akachekwa.

Wala Chapman hakuwa mjinga, jambo ambalo wanaomsifu Birkeland mara nyingi hulisahau. Ukiwa na sindano za ardhini peke yake, mafundisho yote mawili hutoa majibu yanayofanana. Simama kwenye ukingo wa Rufiji hapa Mloka uyatazame maji: kwa macho huwezi kusema haya yametoka Kilombero, haya Luwegu, na haya Ruaha Mkuu. Ni lazima upande juu ya mto. Birkeland alikuwa ameamini juu ya jambo ambalo vyombo vya wakati wake havikuweza kuliamua, na alikufa kabla hajaweza kupanda.

Waliopanda ni setilaiti. Mwaka 1963 Wamarekani walirusha moja iliyopita juu ya ncha katika kimo cha kilomita 1,100 hivi, ikiwa na kifaa cha kupima sumaku. Kila ilipokatiza ukanda wa aurora, kipimo kilitikisika. Mtafiti Alfred Zmuda na wenzake waliandika habari hizo mwaka 1966, mwanzoni bila kujua wanaona nini. Mwaka 1969 wengine wakapendekeza kwamba mikondo hiyo ya kushuka na kupanda iitwe kwa jina la Birkeland. Miaka michache baadaye setilaiti iitwayo Triad ilipima vizuri zaidi, na ubishi ukaisha: mikondo ipo, inashuka upande mmoja na kupanda upande mwingine, na jumla yake hufikia amperi milioni moja na zaidi wakati wa dhoruba. Zile dhoruba zake za msingi leo ni somo la vitabu vizima. Ile mitetemo midogo ya sekunde na dakika nayo ina wataalamu wake. Huisoma kama daktari asikilizavyo kifua, wapate kujua hali ya anga iliyo mbali juu ya dunia.

Sasa turudi kwenye nyaya. Mkondo wa angani unapobadilika haraka, uga wa sumaku ardhini hubadilika, na mabadiliko hayo husukuma umeme usiotakiwa ndani ya nyaya ndefu na transfoma. Usiku wa tarehe 13 Machi 1989 dhoruba kali ya sumaku iliiangusha gridi ya jimbo la Quebec, Kanada, kwa chini ya dakika mbili. Watu wapatao milioni sita walikaa gizani kwa muda wa saa tisa hivi, katikati ya baridi. Quebec hupata umeme wake kutoka mabwawa ya mbali kaskazini, kwa nyaya ndefu mno, kama sisi tutakavyozidi kufanya. Kwetu hatari hiyo ni ndogo sana, kwa sababu mto ule wa umeme haupiti juu ya vichwa vyetu. Hata hivyo dhoruba kubwa, kama ile ya Mei 2024, husumbua mawasiliano ya redio na vipimo vya GPS hata katika nchi za joto, na leo GPS iko kwenye simu ya dereva, kwenye chombo cha mpima ardhi na kwenye ndege inayotua karibu na lango la Mtemere.

Norway ilimkumbuka kwa kuchelewa. Mwaka 1994 picha yake iliwekwa kwenye noti ya kroner 200. Kule Haldde nyumba yake ya mawe iliendelea kutumika kama kituo cha uchunguzi hadi miaka ya 1920, kazi ilipohamishiwa Tromsø. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliokuwa wanarudi nyuma waliichoma moto. Imejengwa upya. Majira ya joto watu hupanda kwa miguu kutoka Kaafjord, saa kadhaa za mwendo, wakaingia ndani na kuona chumba kidogo ambamo mstari ulichorwa.